Kengele ya Utani

Bibi Kalunde alitangaza kifo chake mwenyewe mezani, wakati wa uji.

Muuguzi Ligaya alikuwa amemuuliza tu, kama anavyomuuliza kila mzee kila asubuhi, ameamkaje. Bibi akakaza uso, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu mahakamani, "Nimekufa, mwanangu. Tangu jana. Nimebaki hapa kwa sababu sijapata wa kunizika."

Sasa, Ligaya ni Mfilipino. Kiswahili chake ni "asante" na "pole", basi. Kilichomfikia sikioni ni kile alichopewa na Mkalimani, na Mkalimani, jamani, ni mashine mwaminifu kupita kiasi. Alimwambia Ligaya, kwa Kifilipino safi, kwamba mgonjwa huyu anaamini amefariki jana na analalamika hajazikwa. Ligaya akaachia birika. Huku Mwezini birika halianguki kwa pupa, linashuka kwa madaha, kwa hiyo sote tulipata muda mzuri wa kulitazama linavyokwenda chini na uji wetu. Taa ya bangili ya bibi ikatoka kijani, ikawa njano.

Mzee Veikko, Mfini anayekaa naye meza moja, hakuinua hata macho. Alimeza alichokuwa nacho mdomoni, akajifuta, akasema, "Kama amekufa, naomba uji wake."

"Mpeni," akasema bibi. "Marehemu hana choyo."

Wakaendelea kula. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya pili nabadilisha kinasa sauti, na haki ya Mungu nilijiuma mkono nisipasuke.

Mimi ndiye fundi wa Mkalimani hapa Nyumba ya Wepesi. Jina langu Sikitu Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, na naomba usicheke, maana jina hilo limeshanitesa vya kutosha. Siku niliyofika nilisimama mbele ya wafanyakazi wote nikasema, "Jamani, mimi ni Sikitu." Mkalimani akawatangazia watu, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba mimi si kitu. Jioni nikaletewa mshauri wa watu waliokata tamaa. Nilimfukuza, halafu nikakaa kumfundisha Mkalimani majina ya pwani mpaka akashika adabu.

Hapa wanaletwa wazee wenye mioyo iliyochoka. Uzito wa mtu Mwezini ni moja ya sita ya uzito wake wa nyumbani, kwa hiyo moyo uliokuwa unahema kupandisha damu ngazi mbili kule Duniani, huku unafanya kazi ya kitoto. Mzee aliyekuwa hawezi kuvuka chumba, hapa anaruka viunzi. Ubaya wake ni mmoja: moyo ukishazoea huku, haurudi tena Duniani. Anayekuja amehamia.

Bibi Kalunde ni Mnyamwezi wa Tabora, na ndiye mkazi pekee anayesema Kiswahili. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, hilo kila mtu kwetu analijua, na bibi hakupoteza muda. Tulipokutana mara ya kwanza alinitazama juu mpaka chini.

"Mzaramo, umefikaje huku? Kulikuwa na ngoma?"

"Nilikuja kutafuta mpagazi, bibi," nikamjibu. "Nikaambiwa penye mizigo Mnyamwezi hakosi."

Akaguna, akanipa kiti. Tangu siku hiyo nilikuwa na bibi yangu, na nilimpenda, nasema wazi.

*

Daktari Oyun aliniita ofisini asubuhi ileile. Ni mama wa makamo kutoka Mongolia, mpole, msemaji mchache, na uso wake hautoi habari yoyote. Tone la uji lilikuwa bado kwenye kiatu chake.

"Bangili ya Bibi Kalunde ni njano," akasema. "Ikifika nyekundu, unajua."

Nilijua. Nyumba hii haina kamera, wazee walizikataa kwa kura, na vizuri walivyofanya. Badala yake kuna Mlinzi. Mlinzi hasikilizi watu wenyewe, anasikiliza tafsiri inayotoka kwa Mkalimani, na kazi yake ni kuwahi dalili za akili kuchanganyikiwa. Mtu akisema jambo lisilo la kweli kwa sauti ya kumaanisha, Mlinzi anaweka alama. Alama zikizidi, taa inakuwa njano. Zikizidi tena, nyekundu, na mwenye bangili anahamishiwa Wodi ya Utulivu. Kule hawawekewi Mkalimani, kwa sababu sauti za sikioni huwatisha waliochanganyikiwa. Bibi Kalunde kule angeongea na kuta.

"Daktari, bibi hajachanganyikiwa. Anatania."

"Mzee Veikko ameniambia hivyo pia. Anasema bibi ana mzaha mkavu."

Neno lile likanigonga sikioni vibaya. Mkavu! Kwetu mtu mkavu ni yule asiye na haya, macho makavu, anakula kwenye msiba kabla ya wafiwa. "Siyo hivyo," nikasema. "Sisi mtu wa namna yake tunamwita kauzu. Anaweza kukwambia nyumba yako inaungua kwa sauti ya kuomba chumvi."

Daktari Oyun alisikiliza tafsiri. "Kauzu. Mkalimani ananiambia ni samaki mdogo aliyeanikwa."

"Ni yeye huyo huyo. Dagaa."

"Kwa hiyo niandike kwamba mgonjwa ni dagaa."

"Usiandike hivyo, daktari!"

Akaweka kalamu chini. Alinikumbusha, bila ukali, habari za yule mzee aliyekuwa akisema kila siku kwamba anakwenda kumwagilia mahindi yake. Watu walidhani anafurahisha baraza. Ni Mlinzi aliyegundua kwamba anamaanisha, na akakutwa kwenye mlango wa nje bila vazi la hewa, mkono uko kwenye kufuli. "Siwezi kumzima Mlinzi," akasema. "Nitafutie namna ya kumwonyesha utani ni upi."

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na nililipenda kweli. Kengele! Bibi au Mzee Veikko akisema jambo lisilowezekana kwa sauti tulivu, Mkalimani atatanguliza mlio mdogo, ting, kwenye sikio la kila anayesikiliza, na Mlinzi akisikia ting hahesabu. Sikuhitaji hata kulala nikilifikiria. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimeshaimaliza, na nilitembea koridoni kifua mbele.

*

Tuliijaribu wakati wa chai. Bibi Kalunde alisogeza kikombe, akamwambia Mzee Veikko, "Shikamoo."

Hapo lazima nieleze. Bibi ni mkubwa kwa Veikko kwa miaka mingi. Mkubwa kumwamkia mdogo shikamoo, na uso umekaza, ni kumwambia amezeeka vibaya, na Mzee Veikko alishaelewa hilo kitambo bila msaada wa mashine. Siku zote alikuwa akiitikia kwa kuinamisha kichwa taratibu kama askofu. Safari hii kengele ikamtangulia. Ting.

Mzee Veikko akainua macho. "Ahaa," akasema. "Huu ni utani."

"Ndiyo," akasema bibi.

"Asante kwa kunijulisha."

Wakanywa chai. Bibi akajaribu tena, akasema amesikia Finlandi kuna baridi mpaka watu wanaoana kwa kukosa blanketi. Ting. Veikko akatikisa kichwa kwa heshima. Naye akajibu kitu kuhusu Tabora, ting sikioni kwa bibi, na bibi akasema "vizuri sana" kwa sauti ya mtu aliyepokea risiti. Kufika mwisho wa wiki walikuwa wanaulizana habari za hali ya hewa. Mwezini! Hakuna hali ya hewa Mwezini!

Bangili ikarudi kijani. Ligaya alifurahi, Daktari Oyun alinipongeza. Mimi roho iliniuma. Nilikuwa nikipita pale mezani nasikia, "Nimelala vizuri. Uji una moto. Asante," na ilikuwa sauti ya bibi yangu.

Mwishowe akaniita chumbani kwake.

"Mtani, hiyo tarumbeta yako iondoe."

"Bibi, nikiiondoa taa itarudi njano. Itafika nyekundu. Utapelekwa kule na hutakuwa na mtu wa kuongea naye."

"Sasa hivi ninaye?"

Bibi akanivuta nikae kitandani kwake. "Sikiliza, Mzaramo. Nikimwambia mtu jambo la mzaha na uso wangu umekaza, namwachia mlango wazi. Akitaka aingie, akitaka apite zake. Huyo Mzungu wangu huwa anaingia. Sasa wewe umesimama mlangoni unapiga kengele, 'karibuni, karibuni, humu ndani kuna utani!' Nani ataingia? Mimi mwenyewe natoka."

Tukaelewana hivi: kengele ningeiondoa kwenye masikio yao wawili, ibaki kwa wauguzi na kwa Mlinzi. "Hao wapigie hata zumari," akasema bibi. Asubuhi iliyofuata alimwamkia Veikko shikamoo, na Veikko akainamisha kichwa taratibu. Wauguzi walikuwa wanasikia ting na kucheka pale pale, maana walishazoea kwamba ting maana yake cheka. Taa ikabaki kijani. Kila mtu alipata chake, na mimi nikajiona nina akili kuliko Nyumba nzima.

*

Siku mambo yalipoharibika nilikuwepo. Ligaya alifika na birika, akauliza, "Umeamkaje, bibi?"

"Moyo unacheza mdundiko, mwanangu," akasema Bibi Kalunde, "na mimi sikualikwa."

Ligaya akasikia ting, akacheka, akammiminia uji na kwenda meza nyingine. Na mimi nilicheka. Mdundiko ni ngoma yetu Wazaramo, nikajua kombora limeelekezwa kwangu, na nilikuwa tayari natafuta la kujibu.

Mzee Veikko alisimama. Alisimama kwa nguvu hata miguu ikaacha sakafu, akaelea mpaka ukutani, akavuta kamba nyekundu ya hatari.

"Mzee, mzee! Ni utani!" nikamkimbilia.

"Siyo utani," akasema. "Kijiko hakikusimama."

Niligeuka. Bibi alikuwa bado anachota uji, anachota na kurudisha, anachota na kurudisha, jasho limemtoka puani. Kijiko kikamponyoka. Daktari Oyun aliingia mbio na watu wake, wakamlaza palepale kati ya viti, wakamfungua kifua. Moyo ulikuwa umepoteza mapigo kabisa, unatetemeka tu. Walimrudisha. Nilikaa koridoni sakafuni nalia, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani zaidi yangu mwenyewe. Kengele yangu ilikuwa imewaambia watu wacheke.

Mzee Veikko alikuja akakaa kando yangu.

"Akitania," akasema, "anasimamisha kijiko hewani. Anakiacha pale. Ananingoja. Nikijibu, kijiko kinaendelea. Leo hakuningoja."

Nikainuka, nikaenda karakana, nikafungua sauti zake zote za mezani. Siyo tafsiri, sauti yenyewe. Nikasikiliza. "Nimekufa, mwanangu. Tangu jana." Halafu kimya. Kimya kirefu, kizuri, kimekaa kitako. Halafu Veikko anaomba uji. Nikafungua tafsiri ya maneno hayo hayo. Kimya hakipo.

Mkalimani alikuwa anakila. Anahitaji muda wa kufikiri kila sentensi, na waliomuunda hawakutaka watu waone anachelewa, kwa hiyo wakamfundisha kufidia muda wake kwa kufyeka kila mahali penye ukimya. Maneno yote ya bibi yalivuka salama kwenda lugha zote za Nyumba hii. Kilichobaki njiani ni ile nafasi aliyowaachia watu waingie, na bila nafasi ile hata mimi ningemwona mwehu. Veikko aliipata kwa sababu alikuwa anatazama kijiko. Mlinzi hana macho.

*

Bibi alipopata nguvu ya kukaa, Daktari Oyun aliniita nje ya chumba chake. Alikuwa na kibao chake mkononi.

"Kengele imeondolewa," akasema. "Kwa hiyo alama zote zilizofichwa na kengele zimerudi. Mlinzi anasema nyekundu. Uamuzi wa kumhamisha au kumwacha ni wangu, na lazima niutoe leo."

"Nimemrudishia Mkalimani kimya, daktari. Atakuwa anachelewa kidogo, watu watalalamika, waache walalamike. Msikilize bibi sasa."

"Na kimya kinanihakikishia nini? Yule mzee wa mahindi naye alikuwa ananyamaza."

"Alikuwa anamtazama nani akinyamaza?"

Nikaendelea, maana nikianza huwa siachi. Nikamwambia aliyechanganyikiwa haachi nafasi kwa ajili yako. Anayetania anakuachia, anakungoja, na akiacha kukungoja ujue kuna jambo.

"Mzee Veikko alijua," akasema polepole. "Mashine zangu mbili hazikujua, na wewe hukujua."

"Sikujua."

"Na siku Mzee Veikko asipokuwepo?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na sikuwa na chombo cha kumtengenezea. "Itabidi mtu mwingine akae naye pale mezani, amzoee," nikasema. "Itabidi uwe wewe, daktari. Au Ligaya. Mtu mwenye macho."

Daktari akafungua mlango, tukaingia. Bibi Kalunde alikuwa ameegemea mito, amekonda, kilemba amekifunga vizuri. Mzee Veikko alikuwa kwenye kiti pembeni, mikono mapajani. Nilitaka kumwomba bibi, nilitaka kupiga magoti nimwambie leo tu, bibi yangu, leo tu jibu kama watu. Alinitazama, akaona ninachotaka kusema, akageuza uso.

Daktari Oyun hakukaa. Aliweka kidole juu ya kibao, kati ya sehemu mbili za kubonyeza.

"Bibi Kalunde, unajua uko wapi?"

"Mwezini."

"Ulifikaje?"

"Nilipanda gari la Tabora," akasema bibi. Sauti imenyooka, uso umekaza, hakuna hata kope lililocheza. "Dereva akasinzia, akapitiliza."

Bangili, iliyokuwa nyekundu tayari, ikamemeta. Mkono wa bibi, uliokuwa unakunja ncha ya shuka, ukasimama. Mkalimani akapeleka maneno sikioni kwa daktari, na nyuma ya maneno akapeleka kimya, chote, kama kilivyotoka Tabora. Bibi alikuwa anamtazama daktari usoni. Anamngoja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda, naomba Mungu, na midomo yangu nimeifumba kwa vidole kwa sababu najijua. Veikko hakumsaidia. Alitazama sakafu.

Daktari Oyun alirekebisha miwani yake.

"Dereva huyo tunaye wodi ya pili," akasema. "Yeye anadai aliyekuwa anaendesha ni wewe."

Bibi Kalunde alimtazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaendelea kukunja shuka yake, akanigeukia mimi.

"Mtani," akasema, "huyu mwandikie kijani. Akili zake nzima."